Mlango, roshani au zidaka: Unguja, Mombasa na Lamu kwa mwenye siku chache

Anayetaka kutazama majumba ya nakshi ya pwani yetu, yale yaliyosimamishwa kati ya miaka ya 1880 na Vita Kuu ya Kwanza, huwa na swali moja: niende Unguja, Mombasa au Lamu? Wengi huchagua kwa nauli au kwa ufukwe wa kuogelea, kisha wakifika hutembea vichochoro kutwa nzima wakiangalia kila kitu bila kuona kitu. Chagua kwanza sehemu ya nyumba, mji utajichagua wenyewe. Ukipenda mlango, nenda Unguja. Ukipenda roshani, Mombasa. Lamu uzuri umo ndani, kwenye zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya ukuta, na lazima ujue mapema kwamba sehemu kubwa ya uzuri huo ni ya karne ya 18, si ya kipindi hiki.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Nyumba ya mawe ya zamani ilitawaliwa na boriti. Mti wa mkoko hauvuki zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo chumba kilikuwa kirefu na chembamba, na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa na unene wa nusu mita au zaidi. Urembo ulikaa palipofikiwa na mkono wa fundi: mlangoni na ukutani. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za moshi zikazidi kuja, na ndani yake mlikuwa na nguzo za chuma cha kusubu, mbao za msaji zilizopasuliwa tayari, vioo vya rangi, bati na mafundi wa Kutch na Gujarat. Nyumba sasa ikaweza kutoka nje ya ukuta wake na kuning'inia juu ya njia. Unguja ilipata vitu hivyo mapema kwa sababu ya utajiri wa Sultani na wafanyabiashara. Mombasa ilivipata kwa wingi reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na mji ukawa makao makuu ya utawala wa Waingereza hadi yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1905. Lamu biashara ilikuwa imeanza kuuhama, na ndiyo maana nyumba zake za ndani hazikuvunjwa kupisha mpya.

Unguja: soma mlango kabla ya nyumba

Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mamia ya milango ya nakshi, na ni kosa kujaribu kuiona yote. Tazama kumi, lakini itazame sawasawa.

Anzia juu. Kizingiti cha juu kilichonyooka kama rula, chenye maandishi ya Kiarabu katikati, ni cha mtindo wa Kiarabu, na kwa kawaida ndio wa zamani zaidi. Kikiwa na upinde wa nusu duara uliojaa majani na maua, huo ni mtindo wa Kihindi uliopata nguvu mwishoni mwa karne ya 19. Kuna na aina ya tatu ambayo watalii huipita bila kuigeukia: milango ya maduka ya Wagujarati, yenye vipande vidogo vya mraba, isiyo na mbwembwe, mingi yake kwenye njia za biashara upande wa Hurumzi na kuelekea Darajani.

Kwenye kizingiti cha Kiarabu mara nyingi mwisho wa maandishi kuna mwaka wa Hijria. Zidisha mwaka huo kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1300 unakupa 1883, na 1317 unakupa 1899 au mwanzo wa 1900. Kipindi chetu basi ni kati ya 1297 na 1332. Kosa linalofanywa sana ni la tarakimu: kwa Kiarabu kiduara ٥ ni tano, na sifuri ni nukta ٠. Msomaji wa haraka huona kiduara akasema sifuri, mlango ukazeeka kwa miaka mitano au hamsini. Jambo la pili: mwaka wa mlango si lazima uwe mwaka wa nyumba. Milango imehamishwa, imeuzwa, imerithiwa. Ukiona fremu imezungukwa na kiraka cha saruji, au nakshi ya mwimo mmoja, ile nguzo ya ubavuni mwa fremu, haikutani na ya kizingiti, mlango huo ulizaliwa kwingine.

Shuka sasa kwenye mfaa, ule mhimili wa katikati uliogongomewa kwenye bao moja ili kufunika mwanya wa mabao mawili. Fundi aliweka hapo kazi yake bora, kwa sababu ndipo macho ya mgeni yanapotua akisubiri kufunguliwa. Chini ya miimo utaona samaki au mistari ya mawimbi. Pembeni utaona mnyororo, na katikati waridi au yungiyungi. Watembezaji watakupa maana ya kila umbo: mnyororo ni utumwa, samaki ni riziki, mtende ni baraka. Baadhi ya hayo yana msingi, mengine yamezaliwa na bakshishi. Na misumari ya shaba yenye ncha, inayosemwa ilikuwa ya kuzuia ndovu wa vita, ni desturi ya India iliyobaki kuwa pambo tu. Njia nyingi za Mji Mkongwe ndovu asingeweza hata kugeukia.

Mlango mpya uliopakwa rangi nyeusi ya kuuzeesha unaujuaje? Omba uuone kwa nyuma. Mlango wa zamani nyuma una alama za tezo, mabonde madogo yasiyolingana, na chini mbao imelika kwa maji ya kufagilia. Kina cha nakshi hakiko sawa, kwa sababu patasi ilifuata mshipa wa mti. Mpya uliokatwa kwa mashine una mifereji ya kina kimoja kote, na misumari yake ukiigonga kwa kucha inalia kama kopo. Si aibu kwa mlango kuwa mpya, mafundi wapo na wanachonga vizuri. Aibu ni kuuziwa kama wa babu.

Kwa majumba makubwa, njia rahisi ni ya kandokando ya bahari. Anzia Mizingani, kwenye Zahanati ya Ithnasheri. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliweka msingi wake mwaka 1887, jengo likamalizika 1894, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Shirika la Aga Khan la utamaduni lililikarabati miaka ya 1990. Roshani zake za mbao zilizotobolewa na vioo vyake vya rangi ndizo kazi bora ya aina hiyo Unguja nzima. Ukienda Forodhani utakuta Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, iliyojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, yenye nguzo za chuma zilizowezesha baraza pana ambazo boriti isingezibeba. Mnara wa saa unaouona pichani umo ndani ya uso wa jengo kwa sababu mnara wa awali, uliosimama mbele, uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Lakini sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa. Usilifanye kuwa ndiyo sababu ya safari. Ulizia siku hiyohiyo kama kuna kinachoonekana zaidi ya uzio, na ukikipata hesabu ni faida.

Ukibakiwa na nusu siku, panda Vuga ukatazame Mahakama Kuu na Beit el-Amani, kazi za John Sinclair, Mwingereza aliyechanganya kuba za Kiislamu na mpangilio wa ofisi za kikoloni. Beit el-Amani ni ya 1925, nje kidogo ya kipindi chetu. Wapo wanaoziona nzuri. Mbele ya roshani za Mizingani zinaonekana kama keki ya harusi.

Majengo ya Mizingani na Forodhani yanatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi yamo kivulini na picha hutoka ya kijivu. Njoo baada ya saa tisa mchana. Kwa milango ya vichochoroni fanya kinyume: saa sita, jua likiwa utosini, ndipo mwanga unapochungulia chini. Penye giza, washa kurunzi ya simu nyingine ukiishika ubavuni mwa mlango, si mbele yake. Mwanga wa mbele hufuta nakshi, wa ubavuni huiinua.

Na mlango ni wa mtu. Akiwepo mwenyewe barazani, mambo huenda hivi:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Karibu."
"Ahsante. Naomba ruhusa niupige picha mlango wako. Kazi yake nzuri mno."
"Piga tu. Lakini wangoje hao watoto wa kike wapite kwanza."

Anayeanza na simu mkononi kabla ya shikamoo hufungiwa mlango huohuo aliokuja kuutazama.

Mombasa: inua kichwa

Mji wa Kale wa Mombasa hauna milango mingi ya kulingana na Unguja, na mwenye haraka hutoka akisema hakuna kitu. Huyo alitazama chini. Nakshi ya Mombasa iko ghorofani: roshani za mbao zinazotoka nje ya ukuta, zimebebwa na mikono iliyopinda, zina ukingo wa vijiti vilivyochongwa, madirisha ya luva, na ukingoni mwa paa mbao nyembamba zilizokatwa matundu kama lesi ya shela ya bibi harusi. Njia mbili zinatosha: Ndia Kuu, ambayo ni "njia kuu" kwa Kimvita, na barabara ya Mbarak Hinawy. Anzia Fort Jesus, pita mahakama ya zamani ya 1902, shuka hadi bandari ya zamani. Mwendo wenyewe haufiki dakika 15, ila ukitazama kama inavyopasa utatumia saa tatu.

Tazama roshani kwa mpangilio huu. Kwanza mikono inayoibeba: imechongwa kutoka gogo moja, au ni mbao zilizounganishwa? Ya gogo moja ndiyo ya zamani na ndiyo inayodumu. Pili, pale mkono unapoingia ukutani. Hapo ndipo roshani hufia. Zamani kichwa cha mti kilikaa ndani ya chokaa, na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Mtu akija na saruji akapiga lipu mpya, unyevu hauna pa kutokea, kichwa cha mti kinaoza gizani huku nje rangi inang'aa. Alama yake ni rangi iliyovimba na unga mweupe wa chumvi kuzunguka mkono. Tatu, sakafu ya roshani: ukisimama upande wa pili wa njia ukaona imelala kuelekea nje, pita upande wako, usisimame chini yake kupiga picha. Nne, misumari. Misumari ya chuma kwenye hewa ya chumvi hutunga kutu, kutu hutanuka, na mbao hupasuka kwa mstari ulionyooka unaoonekana hata kutoka chini.

Kero ya Mombasa kwa mtazamaji ni nyaya za umeme, mabango ya maduka na rangi ya mafuta iliyopakwa tabaka juu ya tabaka hadi nakshi imejaa kama meno yaliyozibwa. Nyingine ni roshani zilizobomolewa zikatiwa za zege. Zinalingana kwa ukubwa na kwa kitu kingine hapana. Ila Mombasa ina jambo ambalo Unguja imeanza kulipoteza: watu wanaishi humo kwa kawaida yao. Nguo zimeanikwa kwenye ukingo wa 1900, mahamri yanakaangwa chini yake, na hakuna anayekufuata akuuzie kofia. Luva zile ziliwekwa ili wanawake waone njia bila kuonwa, na kazi hiyo bado inaendelea. Usielekeze kamera ndani ya dirisha lililo wazi.

Jua: nyumba za pwani ya bandari ya zamani zinatazama mashariki, ziende asubuhi. Ndia Kuu upande mmoja hupata mwanga asubuhi, mwingine alasiri. Mwenye siku moja apite mara mbili.

Lamu: ingia ndani

Kwa anayeshikilia kipindi cha 1880 hadi 1914 bila kulegeza, Lamu ni ya mwisho. Ilichonacho Lamu cha miaka hiyo ni safu ya mbele, nyumba zenye baraza na matao zilizojengwa kwenye ardhi iliyofukiwa mbele ya mji wa zamani, pamoja na jumba la makumbusho la mwanzoni mwa miaka ya 1890. Panapendeza, na asubuhi na mapema, jua likitoka upande wa Manda, safu hiyo yote huwaka. Lakini saa moja inatosha.

Kilichoipa Lamu nafasi kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001 kiko nyuma ya safu hiyo, kupita Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Nyumba huonyesha nje ukuta mtupu na daka, ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe vya kupokea wageni. Ukiruhusiwa kupita unakuta kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana miwili, kumbi ndefu, wa tini (chini) na wa yuu (juu) kama wasemavyo Waamu, kila mmoja umeinuliwa kidogo kuliko uliotangulia, hadi ndani kabisa ukutani pa zidaka. Ukuta huo wa vishubaka, safu juu ya safu, ulichongwa kwenye lipu ya chokaa ikiwa haijakauka. Fundi akichelewa, chokaa inakatika vipande. Akiwahi, kingo zinalala. Ndiyo maana kwenye zidaka za kweli utaona kingo hazilingani kabisa, na zile za kuigiza za hotelini, zilizotolewa kwenye kalibu, zinalingana kama matofali.

Tatizo la Lamu ni hilo hilo la "ukiruhusiwa". Mwenye kujitembeza mwenyewe ataona kuta. Panga mambo mawili kabla: nenda kwenye nyumba ya Kiswahili iliyogeuzwa makumbusho, na ulale angalau usiku mmoja katika nyumba ya zamani iliyofanywa ya wageni. Uliza kabla ya kulipa: zidaka ni za asili au mpya? Chumba changu kiko ghorofa ya ngapi? Ngazi ni nyembamba na zimesimama wima, mwenye goti bovu atajuta. Milango ya Lamu nayo ni tofauti na ya Unguja: midogo, nakshi yake si ya kina, mbao mara nyingi ni mbambakofi. Mafundi wanafanya kazi milango wazi, na kumwangalia mmoja kwa nusu saa akichonga kunafundisha kuliko kutembezwa siku nzima.

Magari ni kama hayapo, punda ndio wachukuzi. Ukisikia "pita! pita!" nyuma yako, bana ukutani, maana punda mwenye shehena ya mawe hajui ustaarabu. Wakati wa bamvua maji hupanda hadi kwenye njia ya mbele, basi vaa ndara.

Kuchagua kwa siku, msimu na mfuko

Mwenye siku moja tu, na yuko bara Kenya: Mombasa. Treni ya Nairobi inakushusha Miritini, kisha gari hadi kisiwani, na asubuhi inayofuata inatosha. Mwenye siku mbili au tatu aende Unguja, ambako ndiko peke yake utaona aina zote za kazi za kipindi hiki bila kupanda gari, kuanzia jumba la kifalme hadi duka la Mgujarati. Boti ya kasi kutoka Dar huchukua saa mbili hivi. Beba kitambulisho au pasipoti hata kama wewe ni Mtanzania, utaulizwa. Lamu usiiendee kwa chini ya usiku mbili. Ndege inatua Manda na unavuka kwa boti. Kwa basi kutoka Mombasa ni siku nzima hadi Mokowe kupitia Garsen, na hali ya usalama wa barabara hiyo iulizwe kabla ya kukata tiketi, siyo baada.

Masika, Machi hadi Mei, vyumba hushuka bei miji yote mitatu, lakini mbao zikilowa huwa nyeusi na nakshi haionekani, na vichochoro vya Unguja hujaa maji. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, hewa ni ya baridi kidogo na mwanga ni safi. Ramadhani nyumba nyingi za Lamu na Mombasa hazipokei wageni mchana, ingawa usiku baada ya tarawehe mji huwa macho. Maulidi ya Lamu yanafuata mwezi mwandamo, na wakati huo chumba hakipatikani bila kuwekwa mapema.

Asiyeweza kuvuka bahari asikate tamaa: Bagamoyo ni safari ya kwenda na kurudi kutoka Dar siku moja. Milango iko, na Boma la Wajerumani la 1897 liko, zito na la matao. Majengo mengi yamechoka na roshani ni chache. Ila kwa zoezi la kusoma vizingiti na kukokotoa miaka ya Hijria kabla ya kwenda Unguja, panatosha kabisa, na hakuna foleni mbele ya mlango.